Barua ya wazi: Tarehe za kesi Tana River zipangwe kwa kufuata mto

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu,
Kwa Msajili Mkuu wa Idara ya Mahakama,
Kwa Mheshimiwa Gavana na Bunge la Kaunti ya Tana River,

Waheshimiwa, tunawasalimu kwa heshima.

Tunaandika juu ya jambo moja tu, nalo ni tarehe. Taratibu za mahakama zilitungwa kwa ajili ya nchi nzima, na zinachukulia kwamba mtu aliyepewa tarehe ya kesi anaweza kufika siku hiyo akitaka. Kwetu haiwi hivyo miezi yote. Kwa sehemu ya mwaka, anayeamua nani atafika mahakama ya Hola au ya Garsen ni maji. Tunaomba kalenda ya mahakama katika kaunti hii ipangwe kwa kufuata mto, na hapa chini tunaeleza namna inavyowezekana bila kusubiri sheria mpya.

Kaunti ina zaidi ya kilomita za mraba 35,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943. Wengi wamejipanga kandokando ya Tana kuanzia Madogo, ng'ambo ya daraja la Garissa, kushuka Bura, Hola, Wenje na Garsen, hadi kwenye delta na Kipini, mto unapoingia bahari ya Hindi. Barabara kuu kutoka Garissa hadi Garsen, ikishavuka daraja hilo, iko upande wa magharibi wa mto muda wote. Anayeishi ukingo wa mashariki huanza safari ya mahakamani kwa mtumbwi. Anayeishi magharibi, mbali na mto, huanza kwa bodaboda kwenye udongo mweusi. Mvua ikinyesha nusu saa tu, udongo huo hunata kwenye tairi na kujaa chini ya madigadi ya mbele mpaka gurudumu linakwama kabisa. Ndiyo sababu waendeshaji wengi huku huing'oa madigadi hiyo kabla ya masika, na abiria hushuka kila mara tope likwanguliwe kwa kijiti. Safari ya saa moja ya kiangazi inakula asubuhi nzima, na mtu anafika jina lake likiwa limeshaitwa.

Mafuriko yetu ni ya aina mbili, na anayepanga vikao lazima azitofautishe.

Ya kwanza ni ya laga, mito ya msimu ambayo hukauka mvua isiponyesha. Hiraman, Tula, Galole na laga nyingine hushuka kutoka upande wa Kitui na kukata barabara kuu kabla ya kuufikia mto. Mvua ikipiga huko juu usiku, laga inaweza kujaa alfajiri hali anga ya Hola ni nyeupe. Maji haya huja kwa saa chache, yana nguvu ya kubeba gari, na mara nyingi hupungua baada ya siku moja au mbili. Aliyekwama kwenye laga anahitaji kesi yake isogezwe siku mbili au tatu. Kumwahirishia miezi mitatu ni kumwadhibu.

Ya pili ni ya Tana yenyewe. Mvua ya Aberdare na Mlima Kenya hujaza kwanza mabwawa matano ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lililokamilika 1981, ndilo la juu na kubwa kuliko yote. Likijaa likaanza kumwaga, yaliyo chini yake hayana nafasi ya kuyashika maji hayo. Maji huchukua siku kadhaa kufika Garissa, na siku nyingine tena kufika Garsen, kwa kuwa mto huku chini hauna mteremko. Unapindapinda na kutanuka mashambani. Mafuriko haya huja polepole na hukaa wiki nyingi. Ubaya wake ni huo ukaaji. Uzuri wake, kama kuna uzuri, ni kwamba hutangazwa mapema: taarifa za kujaa kwa Masinga hutolewa kwa umma, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji hupima kina cha mto Garissa na Garsen. Mahakama inaweza kujua leo kwamba baada ya siku chache vijiji fulani vitakatika.

Sasa tazameni saa ya sheria inavyokwenda wakati huo. Aliyehukumiwa na hakimu katika kesi ya jinai ana siku 14 za kukata rufaa. Katika kesi ya madai ana siku 30. Maji yakikaa wiki tatu, siku 14 zimeisha mtu akiwa bado kambini juu ya kilima. Ni kweli sheria inaruhusu kuongezewa muda kwa sababu nzuri, lakini ruhusa hiyo huombwa kwa maandishi na hati ya kiapo, na asiye na wakili hajui hata kwamba ipo. Katika madai, mdaiwa akifika na mdai asifike, kesi inaweza kufutwa. Mdaiwa asipojibu samansi, hukumu inaweza kutolewa bila yeye kusikizwa. Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana asipofika, hutolewa hati ya kukamatwa na mdhamini wake huitwa aeleze kwa nini fedha zisichukuliwe. Hakimu aliye Hola hana namna ya kutofautisha aliyetoroka na aliyezingirwa na maji iwapo faili halimwambii mtu huyo anaishi upande gani.

Kwa hiyo ombi la kwanza ni dogo kabisa. Kesi inaposajiliwa, karani aandike juu ya jalada mambo manne kwa kila upande na kila shahidi muhimu: kijiji, ukingo wa mashariki au magharibi, kivuko au laga anayopita, na cheo cha chifu wa eneo lake pamoja na simu ya ofisi. Kazi hii haizidi dakika tano. Kwenye mfumo wa kusajili kesi kwa mtandao, ambao ulipelekwa mahakama zote nchini mwaka 2024, iongezwe sehemu hiyo hiyo. Baada ya hapo, mto ukipanda, naibu msajili anaweza kutoa orodha ya kesi zote zinazotegemea kivuko fulani na kuzishughulikia kwa pamoja kabla ya siku ya kusikizwa, badala ya kungoja ziitwe moja moja na wahusika wasiwepo.

La pili ni tangazo la mafuriko. Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, ambayo tayari hukutanisha mahakimu, polisi, mawakili, magereza na wananchi, ikubaliane na Mamlaka ya Maji kipimo cha mto ambacho kikifikiwa, tangazo linatolewa siku hiyo hiyo. Tangazo litaje vijiji na vivuko kwa majina. Tangu siku hiyo hadi siku saba baada ya njia kufunguka, kesi ya mtu wa vijiji hivyo isifutwe kwa kutofika, hukumu ya kutojitetea isiingizwe, na hati ya kukamatwa isitolewe bila chifu kuulizwa kwanza. Akija baadaye kuomba muda wa rufaa, nakala ya tangazo itoshe kuwa ushahidi wa sababu. Tunaomba siku saba, kwa kuwa maji yakishuka barabara haipitiki papo hapo: tope hukauka taratibu, na watu hurudi kwanza kutazama kilichobaki cha nyumba na shamba.

Msisukume watu kuvuka. Aprili 2024 boti ilizama Kona Punda, karibu na Madogo, ikiwa imebeba abiria waliokuwa wakivuka sehemu ya barabara iliyomezwa na maji, na watu walikufa. Anayehofia hati ya kukamatwa atapanda boti yoyote itakayotokea.

Tunakuja kwenye delta, ambako ramani inadanganya. Kipini iko Tana River, na kwa jicho la kwenye karatasi Garsen si mbali. Lakini barabara kutoka Kipini huenda kwanza Witu, ambayo iko Kaunti ya Lamu, kisha inarudi magharibi kupitia Gamba hadi Garsen. Mtu anatoka kaunti yake, anaingia nyingine, anarudi kwake. Sehemu ya Gamba ndiyo ya kwanza kumezwa Tana inapofurika. Mwishoni mwa 2023 barabara hiyo ya Garsen kwenda Lamu ilikatika na magari yakakwama. Siku hiyo Kipini inakuwa kisiwa kwa kaunti yake. Mahakama Kuu ya Garsen nayo huhudumia Lamu pia, kwa hiyo rufaa ya mtu wa Mpeketoni hupita kwenye maji hayo hayo. Polisi wakimkamata mtu Kipini wakati huo, Ibara ya 49 ya Katiba inawataka wamfikishe mahakamani ndani ya saa 24, au mwisho wa siku ya mahakama inayofuata iwapo saa hizo zinaishia nje ya muda wa kazi. Kwa gari hadi Garsen haiwezekani. Tunaomba utaratibu uandikwe kabla, si siku ya dharura: kituo cha polisi cha Kipini kiwe na kifaa cha kumfikisha mshtakiwa mbele ya hakimu kwa video, chumba ambamo anaweza kuzungumza na wakili wake faraghani, na makubaliano ya mapema kuhusu mahakama ya Lamu kupokea maombi ya awali njia ya Garsen inapokuwa imefungwa.

Kwa vikao vya mahakama tembezi huko Kipini, kuna jambo ambalo wavuvi wanalijua na wapanga ratiba hawalijui. Watu wa vijiji vya Ozi na Kau hufika Kipini kwa maji, na mdomo wa mto una mafungu ya mchanga. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji katika pwani yetu hujaa alfajiri na alasiri na kutoka kabisa katikati ya asubuhi, saa nne au saa tano, wakati kesi zinapoitwa. Siku za maji mafu, takriban wiki moja baada ya bamvua, maji hujaa katikati ya asubuhi na hayapandi wala hayashuki sana. Kikao cha Kipini kikiwekwa "Jumatatu ya kwanza ya mwezi" kitaangukia bamvua mara kwa mara, na mashahidi watakaa kwenye boti wakisubiri maji. Kiwekwe kwa maji mafu. Tarehe hizo zinajulikana mwaka mzima kabla, kwa jedwali la maji la bandari au kwa kuuliza nahodha yeyote.

Mahakama tembezi kwa jumla, iwe delta au ndani ya maeneo ya Galole na Bura, huharibika kwa sababu ndogo ndogo. Tunazitaja tunazozifahamu.

Ukumbi usiwe darasa la shule iliyo mwinukoni. Mafuriko yakija, shule hizo ndizo kambi za waliohama, na kikao kitafukuzwa au kitafukuza watu. Tafuteni ofisi ya kilimo, ukumbi wa jamii, au turubai la kudumu lenye sakafu, na kuwe na chumba cha pembeni kwa mtoto au mwanamke anayetoa ushahidi wa kesi ya ngono. Mtandao wa simu upimwe siku moja kabla, mahali hasa penye kikao, kwa kuwa faini na dhamana hulipwa kwa simu. Pasipo na mtandao, mtu mwenye fedha mkononi hulala korokoroni kwa kukosa namba ya malipo. Mkalimani athibitishwe kwa jina kabla ya gari kuondoka: Ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo, na kwetu inaweza kuhitajika Kipokomo, Kiorma, Kimunyoyaya, Kigiriama au Kisomali kwenye orodha ya siku moja. Kesi huahirishwa hakimu, mashahidi na mafaili wakiwa wote wapo, anayekosekana ni mtu wa kutafsiri. Na mashahidi waitwe kwa kivuko, si kwa namba ya kesi. Wanaovuka mto wasikizwe kwanza na waachiliwe kabla ya saa tisa alasiri, maana jioni viboko hutoka na kuvuka na mtumbwi gizani ni hatari ya kweli.

Fedha nazo zina msimu wake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na baada ya masika kupungua, Agosti na Septemba ndiyo miezi ambayo njia zinapitika vizuri. Vuli huanza Oktoba. Fedha za vikao vya kutembea zikichelewa kufika robo ya kwanza, zitafika barabara zikiwa zimeanza kukatika. Tunaomba kaunti kama yetu zipewe fedha hizo mapema Julai, au zitengewe akiba inayovuka mwaka.

Sasa kuhusu kesi zenyewe. Miezi ya kiangazi, Januari hadi Machi, mifugo hushuka mtoni na kwenye delta kupitia malka, njia za kunyweshea. Malka ikizibwa kwa shamba, au ng'ombe wakiingia kwenye mpunga na mahindi, ugomvi unaanza. Kila anayeishi hapa anakumbuka 2012, watu zaidi ya mia moja walipouawa katika mapigano kati ya wakulima na wafugaji. Kesi ya mazao yaliyoliwa haifai kuitwa ndogo.

Nayo huharibika kwa ushahidi. Mahindi yaliyoliwa yakiwa machanga huchipua tena, na baada ya wiki mbili hakuna anayeweza kusema hasara ilikuwa kiasi gani. Shamba likikumbwa na maji ya Aprili, hakuna kitu kabisa. Afisa wa kilimo afike ndani ya siku tatu, apime eneo lililoliwa kwa utepe, aandike umri wa mmea, idadi ya mashina yaliyobaki kwenye kipande alichopima, na bei ya soko la karibu wiki hiyo, kisha mkulima na mchungaji wote watie sahihi au dole gumba kwamba walikuwepo. Picha ya simu inafaa, lakini Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza picha ilipigwa na kuchapishwa kwa kifaa gani na nani alikisimamia. Picha nzuri hukataliwa kwa kukosa karatasi hiyo moja. Kila ofisi ya chifu iwe na fomu yake tupu, kwa Kiswahili.

Kwa madai hayo tunaomba Mahakama ya Madai Madogo iteuliwe kufanya kazi Hola na Garsen, na vikao vyake vifike vijijini. Sheria ya 2016 inairuhusu kusikiza madai ya hasara ya mali hadi shilingi milioni moja na inataka yaishe ndani ya siku 60 tangu kusajiliwa. Dai lililosajiliwa katikati ya Januari likifuata sheria litakuwa limekwisha kabla ya masika. Likisajiliwa Machi mwishoni, siku hizo 60 zitaliwa na maji. Kwa hiyo mwamuzi wa madai hayo awepo Januari, mifugo inapoingia, si Mei.

Kesi za ardhi ni tofauti, kwa kuwa mto wenyewe huhama. Mkondo wa leo hadi Kipini ni matokeo ya Tana kuingia kwenye mfereji wa Belazoni na kuufuata Mto Ozi katika karne ya 19, na kila kizazi huona ukingo mwingine ukikatika na mkondo wa zamani ukibaki ziwa. "Mpaka ni mto" kwenye makubaliano ya miaka 40 iliyopita huenda ni mpaka wa mkondo uliokufa. Mahakama inapokwenda kutazama shamba, iende Februari au Septemba, maji yakiwa chini na kingo zote mbili zikionekana. Mpima ardhi achukue alama za mkondo wa sasa na za mkondo mkavu, na wazee wa pande zote mbili waonyeshe miembe ya zamani, ambayo huku hupandwa ukingoni na hubaki hata mto ukiondoka.

Samansi zinaruhusiwa kupelekwa kwa barua pepe na kwa ujumbe wa simu tangu 2020. Tunaunga mkono, kwa tahadhari: simu moja huku hutumiwa na nyumba nzima, na mchungaji huenda wiki mbili bila mtandao. Kwa vijiji hivyo, ujumbe wa simu ufuatwe na karatasi kupitia kwa chifu, na anayeapa kwamba samansi imefika aandike alimkabidhi nani, wapi, saa ngapi.

Wazee wa Gasa kwa Wapokomo na Matadeda kwa Waorma wamekuwa wakisuluhisha mengi ya haya, na Sera ya Mifumo Mbadala ya Haki ya 2020 inawatambua wazee kama hao. Makubaliano yao yaandikwe, yasomwe kwa lugha ya kila upande, na yasajiliwe mahakamani yawe na nguvu. Lakini unajisi na ubakaji visiingizwe kwenye maslaha, yaani usuluhishi wa wazee, kwa kisingizio kwamba barabara imekatika. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kijinsia hakimpi mzee wala familia mamlaka ya kufuta kesi hizo, na kila tangazo la mafuriko liseme hivyo waziwazi, pamoja na namba ya simu ya kuripoti.

Mheshimiwa Gavana, mahakama si idara yako, lakini vivuko na barabara za vijijini ni zako. Siku za kesi zikishatangazwa, vivuko vikubwa viwe na boti yenye injini na jaketi za kuokolea za kutosha abiria wote, zikiwemo za watoto. Makalvati ya barabara za kaunti kuelekea Hola na Garsen yazibuliwe Februari na Septemba; takataka zilizoletwa na mvua iliyopita ndizo zinazofanya maji ya mvua inayofuata yapande juu ya barabara.

Tunaomba Kamati ya Watumiaji wa Mahakama ya Hola na ile ya Garsen zikae pamoja mwezi Januari, zikiwa na jedwali la maji la Kipini, vipimo vya mto vya miaka kumi iliyopita, na orodha ya kesi zilizopangiwa Aprili hadi Juni. Tutaleta wavushaji wa vivuko, wazee wa malka na wenyeviti wa vijiji kutoka kingo zote mbili, kwa nauli yetu. Kesi za watu wa ng'ambo zilizopewa tarehe za Aprili na Mei zirudishwe Februari na Machi mwanzoni, na waarifiwe kabla Januari haijaisha.

Wenu katika kutafuta haki,

Wakulima, wafugaji, wavuvi na wavushaji wa kingo mbili za Tana, kutoka Madogo hadi Kipini